Ile Rolex Mnayoisikia

Jamani, kabla hamjaendelea kumwamini yule fundi simu na voisi zake: sikula rolex tatu, zile chapati za kuviringishia mayai. Ilikuwa moja. Ya mayai mawili, na nyanya zake zilikuwa zimeshaanza kulegea, kwa hiyo hata dhambi yenyewe si kubwa.

Mnajua Jumamosi huwa nafundisha watoto wa mtaani kwetu hapa Busia, mpakani upande wa Uganda, kutengeneza katuni kwa simu. Unapiga picha, unasogeza kitu kidogo tu, unene wa kucha, unapiga tena. Picha 12 ndiyo sekunde moja, na hapo bado ni kazi ya kivivu, maana sinema za ukumbini hupitisha 24. Filamu yetu ilihusu rolex inayotoroka kikaangoni na kukimbilia Kenya bila pasi. Wazo la watoto hilo, si langu. Mama wa chapati wa pale barabarani akatupa rolex ya bure, eti kwa ajili ya masomo.

Tukaziba dirisha kwa kanga ili jua lisituchezee mwanga, simu tukaifunga kwa mpira juu ya jerikeni lililojaa maji. Shida, kila mtoto akigusa kioo simu inatikisika. Nikaiweka ijipige yenyewe kila baada ya sekunde 5, na mlio nikauzima. Huo mlio mniwekee hapo kando.

Saa nne watoto wakaenda kunywa uji. Mimi nikabaki kulinda vifaa.

Waliporudi, nyota wetu hayupo mezani. Nikasema paka. "Paka gani, ticha?" Yule wa jirani, kapita dirishani. Katoto kamoja kakaangalia ile kanga iliyopigiliwa misumari pembe zote, kakaniangalia mimi, kakanyamaza. Nikawapa na mawaidha juu ya kufunika chakula! Tukaviringisha boksi, tukalipaka rangi, kazi ikaendelea.

Kufuta picha zenye mikono nikamwachia msichana mmoja wa P6, darasa la sita, anayeijua simu kuliko mimi. Sauti wakaweka wenyewe. Mimi niko bize kuhangaikia projekta ya kuazima.

Sasa jana jioni. Wazazi wamejaa, chaamani wa LC, mwenyekiti wetu wa mtaa, kiti cha mbele, mama wa chapati kaja na aproni yake. Rolex inachungulia kikaangoni, watu wanacheka. Inaruka, inashika njia ya mpakani. Mara upande wa kulia wa ukuta kinaingia kichwa. Kipara kile nakijua, nakinyoa mwenyewe.

Kichwa kinageuka kushoto. Kinageuka kulia. Mkono unaingia, unamega kipande cha pembeni, cha kuonja tu, unatoka. Unarudi. Katuni haina huruma, ndugu zangu: dakika tano nilizokula kwa staha zimekuwa sekunde tano za kuku anayedonoa. Shavu linavimba, linashuka, linavimba. Nalamba kidole. Nalamba na cha pili. Najipangusa kwa kanga ya dirishani. Na juu ya hayo yote sauti ya mtoto, tulivu, ya kusoma taarifa ya habari: "Hapo sasa akaja paka."

Halafu watoto wote kwa pamoja: "Miyaaau."

Watu hawana mbavu. Chaamani, mtu mzima, anafuta machozi huku akiomba irudishwe. Yule wa P6 akairudisha, safari hii picha moja moja, na kila tonge mama wa chapati analihesabu kwa sauti.

Nikalipa rolex, nikalipa soda za darasa zima, nikaenda kulala bila kula. Leo asubuhi vijana wa boda wamenipokea kwa miyau kuanzia stendi hadi sokoni.

Jumamosi wanapiga sehemu ya pili. Nimepewa nafasi ya paka, rasmi, na sharti ni moja: nije na njaa.