Neno la Kijerumani la wakati wa vita: tulivunje vipande au tufuate lilivyotumika?

Ukifungua jalada la Kijerumani la miaka ya vita, hupiti kurasa nyingi kabla ya kukwama kwenye neno refu ambalo kamusi hailitaji. Wengi hulivunja vipande, na wana sababu. Kijerumani huunganisha nomino kuwa neno moja, na kipande cha mwisho ndicho hubeba kitu chenyewe, kwa hiyo anzia kulia. Feldlazarett ni Lazarett, hospitali ya jeshi. Feld inaeleza kwamba iko karibu na mapigano. Herufi s au en katikati mara nyingi ni gundi tu, usiitafutie maana.

Lakini vipande vinaweza kudanganya. Schutz ni ulinzi, hivyo Schutztruppe ingekuwa "kikosi cha ulinzi". Hilo ndilo jeshi la kikoloni lililowaua wapiganaji wa Maji Maji kuanzia 1905 na kuteketeza mashamba yao. Schutzhaft nayo, "kizuizi cha ulinzi", chini ya Wanazi ilikuwa kumfunga mtu bila kesi. Aliyefungwa hakulindwa na yeyote.

Ndiyo maana wengine husema: achana na vipande, angalia neno lilivyotumika. Kwenye vifupisho nawaunga mkono kabisa. Flak haina kiungo cha kukata. Ni Flugabwehrkanone, mzinga wa kutungulia ndege. Stalag ni Stammlager, na kamusi ikikwambia Stamm ni kabila, utaandika "kambi ya kabila" mahali palipokuwa na kambi ya mateka wa vita, askari wa kawaida. Maofisa walikuwa na Oflag yao.

Hata hivyo, maana ya kukariri nayo hupotosha. Sonderbehandlung, "kushughulikiwa kipekee", katika hati za SS, kikosi cha chama cha Wanazi, mara nyingi ilificha mauaji. Kwenye cheti cha daktari inaweza kuwa matibabu maalumu tu. Hapo kinachoamua ni tarehe, ofisi iliyoandika na nani anayetajwa.

Kwa hiyo vunja kwanza, andika tafsiri ya vipande kwa penseli, kisha tafuta neno hilohilo kwingine ndani ya jalada kabla ya kuithibitisha. Kagua na herufi zenyewe: katika chapa ya zamani s ndefu hufanana sana na f, na Last, mzigo wa mpagazi, husomwa "Laft", neno ambalo halipo. Katika tafsiri ya mwisho, acha neno la Kijerumani pembeni ili anayekufuata aweze kukusahihisha.