Elimu yangu ilipanda ndege, leseni ikabaki Dar

Tulipofika Columbus, Ohio, mwaka 2019, begi langu la mkononi lilikuwa na vitu ambavyo mke wangu alikataa katakata visiingie kwenye mizigo: pasi zetu, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, shahada yangu, na cheti cha uhasibu cha CPA(T) cha Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Wiki ya tatu nilikuwa kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege wa Rickenbacker, zamu ya usiku, nikipanga maboksi. Mtanzania mwenzangu aliyenitangulia miaka mingi alinikalisha chini, akaniambia kwa nia njema: "Kaka, uhasibu wa nyumbani sahau. Soma unesi, au chukua leseni ya lori, utulie."

Nawaheshimu manesi na madereva, ndio walionipokea na kunilisha. Ila ushauri ule una kosa, na kwa kuwa bado nausikia kwenye kila msiba na kila harusi yetu huku, nimeona niuseme wazi. Kosa lenyewe ni kuchanganya kujua kazi na kuruhusiwa kuifanya. Kazi ya uhasibu niliijua nilipotua. Ruhusa ndiyo sikuwa nayo, yaani leseni ya CPA ya Marekani, na ruhusa inatafutwa.

Nianze na pale watu wengi wanapokata tamaa, kabla hata ya kufungua kitabu. Shahada yangu ya miaka mitatu ina krediti 360 kwa hesabu ya Tanzania, ambako krediti moja ni saa kumi za kusoma na mwaka mzima ni krediti 120. Marekani wana mizani yao. Shahada ya kawaida ya miaka minne huku ni krediti 120. Kwa hiyo huwezi kwenda na cheti mkononi ukasema mimi msomi. Transkripti, yaani orodha rasmi ya masomo na alama zako, inatakiwa itoke chuoni kwako moja kwa moja, ikiwa imefungwa na kugongwa muhuri, iende kwa taasisi ya kutathmini elimu ya nje, nao waipitie somo kwa somo. Dada yangu alipanda daladala kwenda chuoni kwangu mara tisa. Mara faili liko kwa mkubwa, mara aliyetakiwa kusaini yuko safarini, mara njoo Jumatatu. Miezi saba ilipita kati ya siku niliyolipia na siku bahasha ilipofika.

Majibu ya tathmini yalisema 114. Krediti 360 zimekuwa 114, na kidato cha tano na cha sita hawakukihesabu kabisa. Ohio wanataka 120 ili ukalie mtihani, na kwa sheria ya wakati ule, 150 ili upewe leseni. Nilikaa kwenye gari nje ya ghala, nikaisoma ile karatasi mara tatu. Kisha nikajiandikisha masomo mawili jioni kwenye chuo cha jamii kilicho karibu na nyumbani, nikaziba zile sita. Zile 30 nyingine nikasema zitajulikana mbele ya safari.

Mtihani wenyewe ni mmoja kwa nchi nzima. Unatungwa na chama chao cha wahasibu, AICPA, lakini leseni inatolewa na bodi ya kila jimbo, na kila jimbo lina masharti yake. Kuna sehemu nne, kila moja ya saa nne. Tangu Januari 2024 sehemu tatu ni za lazima: FAR ya taarifa za fedha, AUD ya ukaguzi, na REG ya kodi na sheria. Ya nne unachagua kati ya tatu, na mimi nilichukua TCP, ya kodi. Alama ya kufaulu ni 75. Ada ya kila sehemu inazidi dola 250, na ukifeli unalipa upya.

Nilianza na FAR nikiamini kuwa ndiyo nyumbani kwangu. Hesabu jumuishi, za kampuni mama na tanzu zake, nimezifanya tangu hatua ya Intermediate ya NBAA! Nikapata 71. Nilipotulia nikaona kilichoniangusha ni vile nilivyovijua vizuri zaidi. Tanzania tunatumia viwango vya kimataifa, IFRS, tangu mwaka 2004. Marekani wana viwango vyao. Kwetu kampuni yenye jengo Kariakoo inaweza kulithamini upya na kulipandisha kwenye mizania. Huku jengo linabaki kwa gharama yake ya kununulia, ukiondoa uchakavu, hata thamani ya mtaa ikipanda mara kumi. Kwetu gharama za kubuni bidhaa mpya, zikitimiza masharti, zinakuwa mali. Huku kwa kawaida zinaliwa zote kwenye faida ya mwaka. Halafu kuna LIFO, bidhaa iliyoingia mwisho kuhesabiwa kuwa imetoka kwanza. IFRS inaikataza, na mwalimu wangu wa riviu, yale masomo ya kujiandaa na mtihani, alitufundisha kuiandika kwa sentensi moja kisha kuifuta akilini. Huku iko hai, kwa sababu bei zikipanda inapunguza faida inayotozwa kodi, na sheria ya kodi inasema kampuni ikiitumia kwa mapato lazima iitumie pia kwenye taarifa zake. Ilinibidi nijifunze kuheshimu kitu nilichofundishwa kukikataa. Mara ya pili nilipata 78.

Nisieleweke vibaya, FAR inawatesa hata waliozaliwa huku. Mwaka 2024 walioifaulu hawakufika nusu ya walioikalia.

Namna ya kupimwa nayo ni nyingine kabisa. NBAA ilinipima kwa kalamu. Saa tatu unaandika, mkono unakufa ganzi, unamshauri mkurugenzi wa kampuni ya kubuni kwa nini mkaguzi ajitoe. Lazima ueleze, na msahihishaji anakupa alama kwa njia uliyopita hata kama jibu la mwisho limekosea. Huku unakaguliwa mifuko, unakunja mikono ya shati, miwani inaangaliwa, unaweka alama za vidole, unaketi mbele ya kompyuta. FAR ina maswali 50 ya kuchagua jibu na kazi saba za vitendo, ambapo unapewa barua pepe, mikataba na leja za kampuni, ujaze namba sahihi kwenye seli. Sehemu hizo mbili zinagawana alama nusu kwa nusu. Hakuna anayetaka kujua ulifikaje.

Maoni yangu ni kwamba mtihani wa nyumbani unamlea mhasibu anayeweza kutetea uamuzi wake mbele ya watu, na wa huku unamlea anayeweza kuamua haraka kati ya nyaraka nyingi zisizohusika. Ofisini kwangu leo nahitaji vyote viwili. Mteja anapobisha kwa nini hatukubali namna anavyotambua mapato, ninayemsikia akizungumza ni yule kijana aliyefundishwa kuandika kurasa nne Dar es Salaam. Wenzangu wenye alama za juu kuniliko wananiletea barua ngumu niwaandikie.

Kilichoniumiza zaidi kuliko LIFO ni upweke. Kwetu mtu hafanyi CPA peke yake. Ukitoka kazini unapitia riviu, ukitoka riviu kuna diskasheni, watu sita kwenye meza ya plastiki, chai ya maziwa na chapati, mmoja ana nondo za ukaguzi, mwingine ana maswali ya miaka kumi iliyopita. Mtihani ulikuwa wa Kiingereza lakini kuelewa kulikuwa kwa Kiswahili. Kodi iliyoahirishwa mimi niliielewa siku rafiki yangu aliposema: "Ni kama umekula leo kwa mama ntilie kwenye daftari, chakula kimeshaingia tumboni, deni liko pale linakusubiri." Hakuna kitabu kilichowahi kunieleza vizuri zaidi ya hivyo. Huku nilisoma na kozi ya mtandaoni, sauti nzuri, video safi, saa kumi alfajiri kwenye meza ya jikoni watoto wakiwa wamelala. Nikikwama, nimekwama na ukuta.

Aliyeniokoa ni Mkenya mmoja aliyeko Minneapolis, mwenye CPA(K) ya kwao, ambaye naye alikuwa anaitafuta ya huku. Tulikutana kupitia shemeji. Tangu siku hiyo kila Jumamosi usiku tukapigiana simu, yeye na Kiswahili chake cha Nakuru, mimi na changu cha Temeke, tunabishana kuhusu mikataba ya kupangisha mpaka mke wangu anauliza kama tunagombana. AUD nilifaulu mara ya kwanza, na nusu ya alama zile ni za yule ndugu.

Lakini kuna jambo la nyumbani ambalo silikumbuki kwa hamu, nalo ni aibu. Wakati wangu mitihani ilikuwa Mei na Novemba. Ukianguka Mei, ulikuwa unaishi miezi sita na swali moja kutoka kwa kila mtu: "Vipi, matokeo?" Ofisini wanajua, kanisani wanajua, mjomba anajua. Nimewaona watu wenye akili kuniliko wakiacha CPA ikiwa imebaki masomo mawili, wala si kwa kushindwa kusoma. Walichoka kuulizwa. Huku nilipopata 71 hakuna aliyejua ila mke wangu. Nililipa, nikachagua tarehe nyingine, nikarudi. Majimbo mengi yameongeza hata muda wa kumaliza sehemu zote, kutoka miezi 18 hadi 30. Natamani kila aliyeanguka apate nafasi ya kurudia mapema, hata kama ni kwa masomo machache tu. Mtu aliyeanguka akipewa nafasi angali na moto, anainuka.

Upande wa pili wa faragha hiyo ni kwamba hata ukifaulu hakuna anayejua. Nyumbani kuna mahafali Bunju, kuna joho, kuna shangazi mwenye kitenge cha sare anayepiga vigelegele kabla jina halijaitwa. Huku nilifungua kompyuta wakati wa chakula cha mchana, nikaona sehemu ya mwisho imefaulu, nikafunga, nikarudi kwenye meza yangu kulinganisha taarifa za benki za mteja.

Na bado zilikuwepo zile krediti 30. Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya ada ya mwaka mmoja zaidi wa chuo, na kwa familia ya watoto watatu haikuwa inakubali. Kisha Januari 2025 Ohio ikawa jimbo la kwanza kutia saini sheria ya njia nyingine: shahada ya kwanza, mtihani, na miaka miwili ya kazi badala ya mmoja, bila kulazimika kufikisha 150. Ilianza kutumika Januari 2026, na majimbo mengine mengi yamefuata, kwa sababu nchi hii ina uhaba wa wahasibu. Mimi nilikuwa nimeshafanya kazi miaka miwili na ushee kwenye ofisi ndogo ya wahasibu. Bosi wangu alisaini fomu ya uzoefu siku ileile niliyompa. Kwa hiyo nikiulizwa leo na mtu wa Dodoma au Arusha kama krediti 150 ni mlima usiopandika, namjibu: angalia jimbo unaloendea, sheria zimebadilika.

Sasa nije kwenye linalonikera. Mhasibu aliyesajiliwa Afrika Kusini, Kanada, Australia au Meksiko hapitii haya yote. Vyama vyao vina makubaliano na Wamarekani ya kutambuana, na mwanachama anafanya mtihani mmoja tu wa sheria na kodi za huku. Afrika Kusini ni Afrika. Sisi wa Afrika Mashariki tulitiana saini wenyewe kwa wenyewe mwaka 2011, jambo jema, Mganda na Mtanzania na Mkenya wanaweza kuheshimiana vyeti. Lakini mezani na Marekani hatupo. Nimekalia mitihani ya pande zote mbili, na sioni kwenye mtihani wetu wa Final upungufu unaostahili kutufungia mlango. Mazungumzo ya namna hiyo huchukua miaka na yanahitaji karatasi nyingi: mitaala, viwango vya kusahihisha, ushahidi wa mafunzo ya kazini. Yaanze. NBAA, ICPAK ya Kenya na wenzao wa Uganda na Rwanda wakienda pamoja wana uzito kuliko mmoja mmoja, na sisi tulioko huku tuko tayari kutoa ushahidi kwamba wanachama wao wanafaulu.

Binti wa dada yangu, yuleyule aliyehangaika na daladala, amemaliza masomo yake ya mwisho ya CPA(T) na anakuja Septemba kwa masomo ya uzamili. Nimemwambia aombe transkripti tatu zilizofungwa, si moja, na aziombe sasa angali na uwezo wa kwenda mwenyewe dirishani. Aombe na maelezo ya kila somo yaliyopigwa muhuri, maana watatoa krediti kwa kile wanachokisoma. Cheti cha kidato cha sita asikiache. Jumamosi iliyopita tulimuunganisha kwenye simu yetu na ndugu wa Minneapolis, ambaye bado ana REG. Alisikiliza dakika kumi, kisha akauliza kwa nini huku mtu anajaza mwenyewe fomu yake ya kodi kila mwaka wakati mwajiri ameshakata. Tulimaliza saa sita na nusu usiku, bado tunamjibu.