Viza ya mwanafunzi imeisha, ukitaka kurudi kutembea unaonekana mzamiaji

Mtu kamaliza masta, viza yake ya mwanafunzi imeisha, kaondoka ndani ya muda, sasa anataka kurudi wiki mbili tu kama mgeni. Hapo ndipo ushauri unapoanza kumiminika, mara ooh kaa kwanza nje mwaka mzima ndio uombe, mara viza ikishaisha hiyo tayari ni doa. Viza kuisha si kosa, kosa ni kubaki baada ya kuisha, ila watu wanachanganya hivyo vitu viwili mpaka wengine hawaombi kabisa.

Chukua Uingereza. Kozi ya miezi 12 au zaidi inakupa miezi 4 ya ziada baada ya masomo, kwa hiyo masta inayoisha Septemba inakufikisha Januari hivi, basi. Chuo kikiamua mahafali yawe Julai, wewe uliyefuata sheria unatakiwa uombe viza ya mgeni ili ukavae joho la shahada uliyoilipia mwenyewe. Na kile kipindi cha kusubiri wanachokisema hakipo kwenye sheria, hata ile ya "miezi 6 kwa mwaka" haipo, afisa anachoangalia ni kama ziara zako zimegeuka kuwa ndiyo makazi.

Sasa tuwe wakweli, afisa naye ana hoja. Anayerudi baada ya kusoma si mtalii wa kawaida, anajua mtaa gani una vyumba vya bei rahisi, ana marafiki, pengine na mchumba, akaunti ya benki bado iko wazi. Wakifungua begi pale uwanjani wakakuta nakala kumi za siivii na vyeti orijino kwa ajili ya ziara ya wiki mbili, utawaambia nini? Wapo kweli wanaoingia kama wageni halafu wanaanza kazi, na wapo wanaodhani watabadilisha viza wakiwa ndani, wakati Uingereza mgeni haruhusiwi kuhamia viza ya mwanafunzi bila kutoka. Marekani ndio hawafichi kabisa, kifungu cha 214(b) cha sheria yao ya uhamiaji kinamchukulia muombaji wa viza ya mgeni kuwa anataka kuhamia mpaka yeye mwenyewe athibitishe vinginevyo.

Lakini mimi kinachonishinda ni hiki: huyu mtu alikuwa ndani tayari. Angetaka kuzamia asingehitaji viza ya pili wala barua ya mwaliko, angeacha tu ndege imwache, yakaisha. Akaondoka. Huo ni ushahidi mzito kuliko taarifa ya benki ambayo mjomba anaweza kuijaza wiki moja kabla ya kuomba, ila ukiangalia maswali yenyewe uzito uko kwenye ajira, mshahara, mali, familia, yaani kijana aliyetoka chuoni juzi, ambaye huko alikuwa anaruhusiwa kufanya kazi masaa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula, leo anaulizwa salari slipu. Ataitoa wapi?

Na akikataliwa haiishii hapo. Kukataliwa viza ya mgeni Uingereza hakuna rufaa ya kawaida, hela ya maombi hairudi, halafu kuanzia siku hiyo akijaza fomu ya Kanada au Australia, ina swali kama amewahi kunyimwa viza, na lazima ajibu ndiyo, aeleze, miaka na miaka, kisa alitaka kwenda mahafali. Wakati huohuo aliyezidisha siku zake akaondoka mwenyewe kwa nauli yake ndani ya siku 30, Uingereza haimpigi marufuku ya kurudi. Sisemi huyo yuko salama, rekodi inabaki na afisa anaweza kumkatalia kwa hiyo hiyo, ila uone jinsi pengo kati ya mtiifu na mkaidi lilivyo dogo.

Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, angalau kuna hesabu. Mgeni ana siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku ulizokaa kwa kibali cha ukaazi cha masomo hazihesabiwi humo. Kwa wenye pasipoti za kuomba viza bado kuna ubalozi na maswali yaleyale ya utarudi au hutarudi, ila walau unajua unapimwa kwa kipimo gani.

Kwa hiyo kwenye barua yako usianze na jinsi unavyoupenda ule mji. Anza na tarehe: viza iliisha lini, ulitoka lini, barua ya chuo inasema mahafali ni lini, tiketi ya kurudi ni ya lini. Uingereza hawagongi muhuri ukitoka, taarifa za abiria wanazipata kupitia mashirika ya ndege, lakini usimwachie afisa kazi ya kuzitafuta, weka kopi ya bodingi pasi. Na wa Marekani wenye F-1, yaani viza ya mwanafunzi ya huko, zile siku 60 za baada ya masomo ni za kujiandaa kuondoka tu, ukitoka siku ya 10 zile 50 zimekufa, hurudi nazo. Unaanza upya na B-2, yaani viza ya mgeni, pamoja na interviu yake.