Jembe siku ya kwanza

Nimepewa nyota nne kati ya tano mtandaoni. Yaani familia nzima, mie, mume wangu na watoto wawili, tumepimwa kama mchele tukaonekana tuna chuya kidogo. Kosa letu ni chupa ya kioo iliyokutwa kwenye pipa la njano. Aliyetupima ni mwenye nyumba ya likizo tuliyolala usiku 3 mjini Eckernförde, pwani ya kaskazini ya Ujerumani, na mtu huyo sijamtia machoni mpaka leo. Hata sauti yake siijui. Ninachojua ni kwamba anaandika ujumbe mrefu na anapenda sana alama za mshangao.

Eckernförde niliichagua kwa mapenzi. Mji huo na Tanga ni miji dada tangu mwaka 1963, basi nikaenda kama mtu anayekwenda kuwasalimia wakwe. Wana samaki wao wadogo wa kukausha kwa moshi, rangi ya dhahabu, watamu, na watu wote wanawaita samaki wa Kiel, mji mkubwa wa jirani. Wenyeji wanasema ni kwa sababu masanduku yalikuwa yakigongwa muhuri kwenye stesheni ya Kiel, basi jina likabaki huko. Nilitaka kuwaonea huruma. Kisha nikakumbuka machungwa ya Muheza tunavyoyaita ya Tanga miaka yote, nikanyamaza.

Tulifika saa 3 usiku na mvua inakuja kwa ubavu. Mapokezi hakuna. Kuna kisanduku cha chuma kimefungwa kwenye bomba la maji ya mvua, kina tarakimu 4 za kuzungusha, na ufunguo umo ndani. Tarakimu ya tatu ikagoma. Nikapiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Nikatuma ujumbe, likanijibu lidude la kompyuta kuwa swali langu ni muhimu sana kwao. Mume wangu akatoa kisu cha kumenyea matunda akaanza kukibembeleza kisanduku, na jirani wa ng'ambo keshafunua pazia anatutazama: watu weusi wanne, usiku, wanachokonoa mlango wa watu. Mnaoishi huku mnajua kwa nini nilimwambia akirudishe kile kisu mfukoni upesi. Dakika 40 tulisimama pale. Mdogo akajikojolea.

Ndani tumekuta kurasa 4 za masharti. Shuka ni za kukodi, euro 18 kwa kichwa, hutaki njoo na zako. Usafi wa mwisho euro 85. Haya, tumelipa. Geuza ukurasa: kabla hujaondoka vua shuka zote, osha vyombo, fagia, toa taka, na uzitenge. Karatasi pipa la buluu, vifungashio la njano, mabaki ya chakula la kahawia, yaliyobaki la jeusi, na chupa uzibebe mwenyewe hadi kwenye kontena la mtaani. Yote yawe yamekwisha saa 4 asubuhi.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wamenikabidhi jembe siku ya kwanza, tena la kukodi, na nilipolirudisha na udongo kidogo wamenikata nyota.

Najua mnachosema huko. "Huyu naye, kakaa Ulaya miaka 14 sasa anataka kutandikiwa." Ngojeni kwanza. Miaka 6 ya mwanzo hapa Hamburg kazi yangu ilikuwa kutandika vitanda vya hoteli. Kona za shuka nazikunja nikiwa nimefumba macho. Najua uzito wa godoro la watu wawili unapoliinua kwa goti kwa sababu mikono imechoka, na najua msimamizi anavyoinama kwenye sinki akitafuta unywele mmoja. Mgeni wa hoteli anaondoka na begi lake, chumba anakiacha kama soko la Mgandini jioni, na wala sikumlaumu hata siku moja. Kalipia. Na mie nilikuwa nalipwa kukirudisha kama kilivyokuwa. Kila mtu anaijua nafasi yake na hakuna anayempa mwenzake nyota.

Sasa sikieni hili. Asubuhi ya kuondoka Eckernförde nilikutana ngazini na mama wa usafi, mtu mzima, ndoo mkononi. Nikamsalimu, nikamwambia, kwa kujivuna kidogo, kwamba shuka zote nimeshamvulia. Akaniambia bora ningeziacha, maana wageni wanazirundika pamoja na taulo mbichi na akizikuta zimeshavunda. Nikamuuliza, samahani mama, ile euro 85 wewe inakufikia ngapi? Akacheka, akainua vidole vitatu. Thelathini. Zile hamsini na tano zinafagia wapi, sijui.

Basi nikiwa kwenye gari kurudi Hamburg, watoto wamelala, nikajikuta naikumbuka gesti ya Ngamiani, kwetu Tanga.

Agosti ya mwaka juzi nilikwenda nyumbani kwenye msiba. Basi kutoka Dar lilituchelewesha, mnajua wenyewe linavyochelewesha, nikaingia mjini saa 6 usiku. Nyumba ya msiba imejaa watu mpaka barazani, nikaona nisiwaamshe, nikatafuta gesti. Dada wa mapokezi alikuwa amelala kwenye godoro nyuma ya kaunta, khanga kichwani. Akaamka bila kununa. "Karibu dada, pole na safari." Akanisukumia daftari. Jina, kabila, kazi, utokako, uendako, sahihi. Daftari hilo nililichukia tangu usichana, kabila langu na kitanda vinahusianaje? Huku nako hotelini kuna fomu yake. Tangu Januari 2025 Mjerumani hajazi tena, ila sisi wenye pasi za nje bado tunajaza, kwa hiyo wa daftari ni wa daftari tu popote aendapo. Lakini yule dada alilisoma lile daftari. Akarudia jina la baba yangu kwa sauti, akaniangalia vizuri. "Wewe si wa yule mzee fundi cherehani, barabara ya 12? Kumbe mtoto wa hapahapa! Sasa mbona unalala gesti?"

Wallahi niliona haya. Nikamweleza habari ya msiba. Akasema "poleni sana, sisi wote wa Mungu," kisha akaniuliza kama nimekula. Saa 6 na nusu usiku! Akamtuma mlinzi, na mlinzi akarudi na chipsi mayai kwenye mfuko mweusi na chenji yangu yote. Usiku nikakohoa, vumbi la safari. Alfajiri nikasikia mlango unagongwa polepole, chai ya tangawizi na ndimu. Sikuiomba. Alinisikia tu ukutani, maana kuta zile ni za kusikilizana.

Hapo ndipo mtanirukia. "Mbona husemi yaliyobaki?" Nayasema. Feni ilikuwa na mwendo mmoja, ule wa kimbunga. Bomba lilikohoa kuliko mie kisha likakauka, na nilipouliza maji nikaambiwa yapo, maana yake ndoo ipo. Taulo ukiliinua unamwona mtu wa upande wa pili. Kandambili zote mbili za mguu wa kushoto. Baa ya jirani ilipiga muziki mpaka saa 9, na mimi nina msiba. Kitasa kinataka uvute, unyanyue, ndipo uzungushe, na darasa hilo nilipewa kwenye korido na mlinzi aliyekuwa anapiga miayo. Sijaja hapa kuwadanganya kwamba gesti ni peponi. Miaka yote nimewalalamikia wenye gesti wa Tanga kwamba wanajenga ukumbi wa nje na marumaru, halafu shuka wananunua ya kitanda cha mtoto, ukiivuta kichwani inakimbia miguuni. Na bado nawalalamikia.

Ila kitasa kilipogoma, kulikuwa na mtu. Ndicho ninachokisema, wala sina kingine.

Kuna wa pili huyu, namsikia kabisa: "Si ungelala hotelini basi, kelele za nini?" Mwanangu, watu wanne hotelini ni vyumba viwili, na jiko hakuna. Mwanangu mkubwa akikaa siku ya pili bila wali wa nazi anakuwa kama mgonjwa. Nyumba ya likizo ina jiko, ina meza, unakaanga samaki wako na hakuna anayekukunjia uso. Hilo nalikubali na ndiyo maana nilikwenda. Lakini nilipokuja kujumlisha usiku 3, na shuka, na usafi, na ushuru wa pwani wanaotozwa wageni, niliona hoteli ya kawaida ingenizidi kwa kiasi cha chakula cha mchana kimoja. Bei ya kwanza kwenye mtandao ni kama bei ya muuza mitumba. Ya kweli inakuja mwisho, umeshalivaa koti.

Na jambo lenyewe halikuanza hivi. Airbnb, ambao ndio wanaojulikana zaidi kwa biashara hii (mtandao tulioutumia sisi ni mwingine na siutaji), walianza mwaka 2007 kule San Francisco, vijana wanatafuta kodi ya nyumba. Wakatandika magodoro matatu ya upepo sebuleni, wakapata wageni watatu, dola 80 kwa usiku, na kifungua kinywa juu. Wenye nyumba walikuwamo! Walilala chumba cha pili, wakaamka wakawaandalia wageni. Huo ni ukarimu wa pwani kabisa, toa hizo dola 80. Mwenyeji ametoka lini humo nyumbani? Siku hizi mtu ana nyumba 9, anakaa mji mwingine, na bado kwenye mtandao anaitwa "mwenyeji wako". Mgeni njoo mwenyeji apone, sasa huyu anapona ugonjwa gani wakati hayupo?

Sisi kitu hiki tulikipa jina kitambo. Nyumba isiyo na kibao, inalaza watu kwa usiku, majirani wanaona sura mpya kila asubuhi na hakuna anayesema kitu: gesti bubu. Tuliwacheka watu wa gesti bubu. Huku wameipiga picha nzuri, wakaweka kimimea cha plastiki dirishani, ikawa maendeleo. Na miji yao sasa inahangaika nayo. New York tangu Septemba 2023 wanataka ujiandikishe, na kwa kukaa chini ya siku 30 mwenye nyumba awemo humohumo na wageni wasizidi 2. Barcelona wametangaza kwamba ikifika Novemba 2028 leseni zote 10,101 za nyumba za watalii zitakuwa zimekwisha, maana vijana wa mji wenyewe hawapati pa kupanga. Hapa kwetu Hamburg ukipangisha nyumba yako hivyo mwisho ni wiki 8 kwa mwaka, na tangazo lazima liwe na namba. Polisi wetu wa kukagua daftari la gesti wangefurahi kuyasikia haya.

Ninachochukia ni kwamba nimeanza kuyasikia Tanga. Kijana wa kaka yangu amenipigia wiki iliyopita. Nyumba ya bibi, Chumbageni, vyumba vya uani vinne, anataka kuvifanya vya wageni. Nikafurahi, nikamwambia mwanangu umefikiri. Kumbe anachotaka kwangu ni kisanduku cha ufunguo, nimtumie. "Shangazi, mambo ya kisasa. Mgeni anafika, anabonyeza namba, anaingia. Hataki usumbufu."

Usumbufu! Baraza ile bibi alikaa miaka arobaini akiuza vitumbua na hakuna aliyepita bila kuulizwa hali ya mama yake. Watu wanasema Tanga waja leo waondoka leo, na kila mmoja wetu ana mjomba aliyekuja kwa siku mbili akafia hapa, ana wajukuu Makorora. Unafikiri hao walizuiwa na upepo wa Raskazone? Walizuiwa na watu waliowauliza maswali.

Kijana naye ana hoja zake, simdhulumu. Akaniambia, "Shangazi, wewe unamsifu dada wa mapokezi kwa sababu ulikuja peke yako. Anayekuja na mtu wake hataki kuulizwa yeye ni wa mzee gani." Nikacheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Ni kweli. Lile lililonipa mie chai ya tangawizi limewavunjia wengine ndoa, kwa sababu dada anayekumbuka sura hachagui ipi ya kukumbuka. Akaendelea, mhudumu ni mshahara kila mwezi, mgeni aje asije, na ataugua, na atafiwa, na ataomba akopeshwe. Kisanduku hakifiwi.

Nikamwambia kwa ukali kidogo kwamba nyumba ya bibi haitakuwa gesti bubu, aweke mtu pale mlangoni. Kimya. Kisha: "Sawa shangazi. Sasa huyo mtu tumlipe ngapi, na atalipwa na nani miezi ya masika?"

Nimemwambia anipe mpaka Ijumaa nipige hesabu. Jana nilipita duka la vifaa vya ujenzi, visanduku vipo, euro 24. Nikashika kimoja, nikajaribu tarakimu ya tatu. Inazunguka vizuri tu.