Moshi inawahitaji wasaidizi, si mabingwa peke yao

Nikiwaambia watu wa nyumbani Moshi kwamba huku Uingereza najifunza kazi ya usaidizi wa tiba ya usemi, swali la kwanza ni lile lile: "Sasa udaktari lini?" Mjomba hakupindisha maneno. Desemba, ndafu ikiwa bado jikoni, aliniuliza mbele ya ukoo mzima kama ada yote ile ililipwa ili niende Ulaya kumshikia mtu mwingine faili. Tulicheka wote. Ila dharau hiyo kwa kazi za usaidizi, kwa maoni yangu, ndiyo inayowanyima wagonjwa wengi wa Kilimanjaro tiba ambayo ingeweza kabisa kuwafikia.

Kazi yenyewe iko hivi. Mtaalamu husoma shahada, kisha lazima asajiliwe na HCPC, baraza la huku linalosimamia taaluma za afya, ndipo aruhusiwe kujiita mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Yeye ndiye anayempima mgonjwa, anaamua tatizo ni lipi na kupanga tiba. Msaidizi hatakiwi kusajiliwa. Wengi wetu tumeajiriwa kwanza tukajifunzia kazini. Mimi naufuata mpango wa mtaalamu: nakaa na mzee aliyepata kiharusi, tunarudia majina ya vitu kwa picha, namsubiri atafute neno, naandika alichoweza na alichoshindwa. Kubadili mpango siruhusiwi, wala kuiambia familia ugonjwa ni upi. Kila ninachojifunza kina ukurasa wake kwenye daftari la mafunzo, na msimamizi hatii sahihi mpaka akae pembeni anione nikikifanya. Inachosha, na siku nyingine inakera. Lakini mtu aliyepotelewa na maneno hayarudishi kwa kuonwa na bingwa mara moja. Anahitaji kurudia na kurudia, na bingwa mmoja hawezi kuwa kila kitandani.

Msidhani huku mambo yote yamenyooka. Watoto wanaochelewa kuongea hukaa kwenye foleni miezi na miezi kabla ya kuonwa. Na wazee wengi ninaowahudumia, nikiondoka mimi, hakuna wa kuongea naye hadi kesho.

Kwetu watu wapo tele, tena wamezidi. Shangazi yangu wa Machame alipopata kiharusi, nyumba haikukosa wageni. Ukimuuliza amelalaje, watatu wanamjibia kabla hajafungua mdomo. Hakuna mwenye nia mbaya. Wanaona aibu kumwacha ahangaike. Na kumeza nako kumo ndani ya kazi yetu: chai alikuwa akinyweshwa amelala chali, anapaliwa, anapigwapigwa mgongoni, ananyweshwa tena. Kinywaji kikipitia njia ya hewa kikafika mapafuni, nimonia iko mlangoni, na hilo hakuna aliyewaambia siku aliporuhusiwa kutoka hospitali.

Hapo ndipo ninaposema hatuhitaji mashine za ajabu. Uzito wa vinywaji kwa wenye shida ya kumeza hupangwa kwa ngazi za kimataifa ziitwazo IDDSI, kuanzia 0, ambayo ni maji, hadi 4. Kipimo chake ni bomba la sindano la mililita 10, mradi sehemu yake ya 0 hadi 10 iwe na urefu wa milimita 61.5. Unalichomoa pampu, unaziba tundu kwa kidole, unajaza hadi 10, unaachia kwa sekunde 10, kisha unaangalia kimebaki kiasi gani. Nimewahi kujaribu uji wa ulezi jikoni kwangu, kwa udadisi tu. Ukiwa moto zilibaki kama mililita 3, ambayo ni ngazi ya 1. Ulipopoa zikabaki 6, ukapanda hadi ya 2. Mtori nao, nyuzi za nyama ziliziba tundu hata tone halikushuka. Kuamua mgonjwa fulani anywe ngazi ipi ni kazi ya mtaalamu, na hapo siweki mzaha: msaidizi asiye na msimamizi ni hatari. Lakini ngazi ikishaamuliwa, kijana wa kidato cha nne aliyefundishwa vizuri anaweza kumwonyesha mama wa nyumba jinsi ya kuipata kila asubuhi.

Kuna na suala la lugha. Huku mwana wa mgonjwa mmoja aliwahi kuniuliza, kwa upole wa Kiingereza unaochoma, mtu mwenye lafudhi kama yangu atamfundishaje baba yake kuongea. Ilinichoma, lakini hakukosea kabisa, kwa kuwa usemi ni wa mahali. Mtu wa lugha mbili akipata kiharusi, si lazima lugha zote zirudi sawasawa. Bibi wa Kibosho anaweza kurudiwa na Kichaga kabla ya Kiswahili, na hapo bingwa wa kutoka Dar ataishia kutazamana naye. Hata picha zetu za huku zingemfaa nini, za birika la umeme na mbwa aliyelala kwenye kochi?

Wanaodharau usaidizi wamesahau kwamba hospitali za wilaya nchini zilibebwa miaka mingi na madaktari wasaidizi, AMO, waliofanya hadi upasuaji wa uzazi. Sijui wangapi waliocheka pale kwenye ndafu walizaliwa kwa mikono yao. Na mahali pa kuanzia papo. KCMC, hospitali ya rufaa ya hapo Moshi, inafundisha fiziotherapia na tiba kwa vitendo, ile ya kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku, na TATCOT, hapo hapo, inafundisha wataalamu wa viungo bandia tangu 1981. Ngazi ya cheti kwa wasaidizi wa usemi, chini ya wataalamu wachache watakaowasimamia, ingekaa vizuri kando ya kozi hizo.

Mpwa wangu amemaliza kidato cha nne, ana subira, na Kichaga chake ni safi kuliko changu. Kaniuliza aombe wapi kusomea kazi kama yangu bila kutoka Moshi. Nimemwambia aombe fiziotherapia kwanza, na asimwambie chochote babu yake, yaani mjomba wangu yule wa kwenye ndafu.