Leva ya 45-70: risasi nzito, tundu la kulengea, inatosha

Jamani bunduki ya leva (ile unayoikoki kwa mkono wa chuma ulio chini, kwenye kifyatulio) ya kaliba ya 45-70 si ya kupigia mbali, watu wakikubali hilo tu nusu ya ubishi wa risasi na darubini unaisha. Kaliba hii ilianzia jeshi la Marekani 1873, kichwa cha greini 405, karibu gramu 26, kinaenda polepole lakini kikigonga kimegonga. Ukiiseti yadi 100, kufika yadi 200 risasi ile ya zamani imeshashuka zaidi ya nusu mita. Sasa darubini ya kukuza mara 12 ya nini?

Kwenye risasi, bunduki ya leva ya Marlin 1895 magazini yake ni bomba chini ya mtutu, risasi zinalala kwa foleni, ncha ya hii inagusa fataki (kile kiwashio cha kitakoni) ya iliyo mbele yake, ukijaza zenye ncha kali teke la bunduki linaweza kuzilipua humo humo, ndo maana kichwa kinatakiwa kiwe bapa. (Winchester 1895 aliyokuja nayo Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, huku Afrika Mashariki 1909 magazini yake ni boksi, haina shida hiyo.) Kampuni ya Hornady wana zile za LEVERevolution, ncha ni laini inabonyea kwa hiyo haigongi fataki, kwa kulungu ni safi kabisa. Ila ukiwa vichakani Alaska kwenye dubu wakubwa mimi nasema beba risasi ya madini magumu yaliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kichwa bapa, greini 400 na kitu, ipasue mfupa iendelee kuzama, maana za greini 300 zenye shimo mbele nyingi zinachanua mapema mno. Na hizo zilizoshindiliwa baruti kali usithubutu kuzitia kwenye Springfield ya kale, ile bunduki ya jeshi ya enzi hizo, chuma chake hakihimili.

Kulenga, weka tundu kubwa lenye ukingo mwembamba, lifungwe nyuma karibu na jicho. Macho yote mawili wazi, ukingo unafifia, unaangalia nukta ya mbele tu na jicho lenyewe linaitafuta katikati, haraka mno! Zile shabaha za nyuma za kiwandani zenye umbo la pembe zinaziba nusu ya mnyama, sizipendi hata kidogo.

Kama macho yameanza kuchoka, sawa, chukua darubini ndogo ya mara 1 hadi 4, ifungwe chini, na hakikisha unaona vizuri ukiwa umeliacha jicho mbali nayo, kwa sababu teke la hii kitu likirudisha darubini kwenye nyusi linapasua.