Leipzig hakuna anayekuulizia ukikosa ibada

Kwetu Old Moshi, Kilimanjaro, ukikosa ibada Jumapili mbili, kabla ya ya tatu unapigiwa hodi. Anakuja mzee wa kanisa, au mama mmoja wa jumuiya na kikapu chake kichwani. Anakaa, anakunywa chai, anazungumzia mvua na bei ya kahawa. Akishasimama kuaga, mlangoni, ndipo anasema: "Pale tumekukumbuka." Basi. Hakugombezi. Lakini Jumapili hiyo utakwenda, hata kama ni kwa kuona haya tu.

Hapa Leipzig, Ujerumani, mwaka wangu wa kwanza nilikosa ibada kuanzia Novemba hadi Pasaka. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mgeni ndiye anayepewa zamu za mwisho wa wiki. Ile Jumapili moja ya bure nayo nilikuwa nailala, maana giza la Desemba hulijui mpaka ulikute. Niliporudi siku ya Pasaka, mchungaji alinipa mkono kwa upole uleule, kana kwamba tulionana wiki iliyopita. Nilitegemea hata lawama kidogo. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea.

Nimeishi hapa miaka sita sasa, na kila nikienda likizo Moshi naulizwa swali lilelile: kwa nini Wazungu waliotuletea Injili wameiacha wenyewe? Majibu huwa tayari. Wameshiba. Wamesoma sana. Wana dhambi. Mimi nina jibu langu, na halipendwi sana na watu wa pande zote mbili: waliacha kuhitajiwa.

Nieleze. Ukifika Ujerumani unajiandikisha manispaa, na kwenye fomu kuna mahali pa dini. Nikaandika Mlutheri, kwa fahari kabisa. Mwisho wa mwezi nikakuta kwenye hati ya mshahara mstari wa kodi ya kanisa. Huku jimbo la Sachsen ni asilimia 9, si ya mshahara bali ya ile kodi ya mapato yenyewe. Kama kodi yako ni euro 300, kanisa linapata 27. Serikali inakata na kulipelekea kanisa, na wewe hujafungua hata pochi. Mchungaji analipwa, kinanda kinatengenezwa, paa halivuji. Ukichoka, unakwenda ofisi ya serikali, unatia sahihi, unalipa ada kidogo, umetoka kanisani. Mchungaji huonani naye. Mwaka 2022 pekee Wakatoliki zaidi ya laki 5 walijitoa hivyo, na Waprotestanti takribani laki 3 na elfu 80. Wana sababu zao, na nyingine ni nzito kweli, za watoto walioumizwa na viongozi waliofichiana. Lakini wapo wengi niliozungumza nao, majirani na wenzangu kazini, ambao hawakugombana na mtu. Waliona tu kwamba wakiwepo au wasipokuwepo, Jumapili saa 4 ibada itaanza vilevile.

Sasa fikiria mnada wetu. Ibada imekwisha, watu wametoka nje, mzee wa kanisa amesimama juu ya ngazi na mkungu wa ndizi miguuni. Kuna mayai, maharage kwenye sado, jogoo aliyefungwa miguu. Aliyekosa pesa ya bahasha ameleta alichonacho shambani, na mwenye pesa anakinunua. "Elfu tatu mara ya kwanza!" Mtu anasema elfu tano, wa tatu anasema saba, "na mpe mchungaji." Nimewahi kuona kuku mmoja akiuzwa mara nne, kila anayemnunua anamrudisha mnadani, mpaka watoto wakaanza kumhurumia kuku. Bibi yangu hakuwa na kipato cha aina yoyote, lakini sikumbuki Jumapili aliyokwenda mikono mitupu. Mayai yake matano yalijulikana. Asipokuja, kikapu chake kilikosekana machoni mwa watu kabla hata hawajajua kama anaumwa.

Ukiongeza jumuiya ya alfajiri nyumba kwa nyumba, zamu za kufagia kanisa, kwaya tatu zinazogombania mazoezi, na siku za kubeba mawe ya ujenzi, unaona kwamba Mkristo wa kwetu hana nafasi ya kupotea kimyakimya. Waebrania 10:25 inasema "wala tusiache kukusanyika pamoja, kama ilivyo desturi ya wengine." Kwetu kuacha kunahitaji bidii. Huku kinachohitaji bidii ni kubaki.

Msinielewe vibaya. Sitaki kupamba nyumbani. Usharika mmoja ninaoufahamu ulikuwa unasoma mbele ya madhabahu majina ya wasiomaliza ahadi zao za sadaka. Kuna jirani yetu, fundi cherehani, aliyesomwa mara mbili mwaka ambao mkewe alikuwa amelazwa. Hakurudi tena. Alipofariki, wanawe walizunguka siku nzima na stakabadhi kuthibitisha kwamba baba yao anastahili kuzikwa kikristo. Hilo lilinichoma, na bado linanichoma. Kumhitaji mtu na kumdai ni mambo mawili, na sisi tunayachanganya mara nyingi mno.

Na hata hawa wa huku si kwamba hawajui kudumu. Pale kazini namhudumia bibi mmoja, miaka yake 84, mkaidi kama mama mkwe. Alipokuwa na miaka 14 serikali ya Ujerumani Mashariki ilitaka vijana waape utii kwa ujamaa (si ule wa Mwalimu, huu wao ulikuwa na polisi wengi) kwenye sherehe iliyowekwa makusudi ishindane na kipaimara, ibada ya kijana kuthibitisha imani yake. Yeye akapata kipaimara. Akanyimwa nafasi ya kuendelea na masomo ya juu, akaishia kiwandani. Baadaye alikuwa akienda maombi ya amani ya Jumatatu saa 11 jioni katika kanisa la Mtakatifu Nikolai hapa mjini, yaliyoanza mwaka 1982. Dunia inaikumbuka Jumatatu ya Oktoba 9, 1989, watu kama elfu 70 walipoandamana na mishumaa dhidi ya serikali hiyo na askari hawakupiga risasi. Yeye anakumbuka zile za katikati, ambapo walikuwa wachache kiasi kwamba akikosa mmoja anaonekana. "Ndiyo maana nilikwenda," aliniambia nikimkata kucha. Kisha akauliza kama supu ya leo ni ya dengu.

Wale wachache walihitajiwa. Ukuta wa Berlin ulipoanguka, kodi ikarudi, amani ikaja, na nusu ya viti ikabaki mitupu.

Hadithi hiyohiyo tunayo wenyewe, na imeanzia mji huuhuu. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Baada ya Vita ya Kwanza, Waingereza wakawaondoa, na kufikia 1920 sharika zikabaki mikononi mwa walimu na wazee wetu, watu wa kihamba na jembe. Babu alipenda kusimulia jinsi baba yake alivyokuwa akitembea kutwa kwenda kufundisha watoto wa kipaimara, hana mshahara wa kutegemea. Wamisionari waliporudi miaka ya 1920 hawakukuta magofu. Mwaka 1963 likaundwa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, mkuu wake wa kwanza akiwa Askofu Stefano Moshi, mtoto wa mlima uleule. Mimi nikisikia mtu anasema tulibebwa na Wazungu, huwa namuuliza: miaka ile waliyokuwa hawapo, alitubeba nani?

Kwa hiyo ninachokiogopa ni bango nililolikuta kwenye mlango wa kanisa letu likizo iliyopita: lipa namba. Sadaka kwa simu. Ni rahisi, ni safi, mhasibu anafurahi. Nami nimeitumia, kwa sababu niko mbali. Lakini Jumapili hiyo mnada ulikuwa na vitu vitatu tu, na vijana walishaanza kuondoka kabla haujaanza. Mzee mmoja akaniambia mnada unapoteza muda. Kweli unapoteza. Lakini ukihamishia kila kitu kwenye simu umejenga kodi ya kanisa kwa mikono yako, isipokuwa hujapata serikali ya kukukusanyia.

Kuhusu mimi na Leipzig: mwaka juzi mzee aliyekuwa akifungua kanisa alivunjika nyonga. Tuko kama ishirini ibadani, wengi wanatembelea mikongojo. Mchungaji akanitazama. Sasa ufunguo ninao mimi, chuma kirefu kama mwiko, na kanisa lisipofunguliwa saa 3 kasoro halipati joto kabla ya ibada. Zamu za Jumapili nabadilishana na Mturuki mmoja anayetaka Ijumaa. Tangu hapo sijakosa ila nilipougua mafua, na siku hiyo simu yangu ililia kuanzia saa 3 kamili.

Mwezi wa saba ulipofika wakati wa kutuma ahadi, nilimwomba mama asiilipe kwa namba. Apeleke trei moja ya mayai mnadani kwa jina langu. Akalalamika kwamba kuku wamegoma kutaga kwa baridi hii, itabidi akanunue dukani. Nikamwambia anunue.